Ushauri wa kisheria wa kifamilia uwe na meza moja, na meza hiyo iwekwe kwenye kituo cha afya

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo, kwa miaka tisa niliyojitolea kama msaidizi wa kisheria katika kata moja ya vijijini mkoani Morogoro, nimeliona likijirudia karibu kila wiki. Mtu mwenye tatizo la kifamilia huja na shida moja, kwa sababu kwake yeye ni shida moja, lakini sisi tunaompokea tunaikata vipande: hiki cha polisi, hiki cha ustawi wa jamii, hiki cha baraza la kata, hiki cha mahakama, hiki cha ardhi. Kila kipande kina ofisi yake, siku yake, fomu yake na nauli yake, na wengi huishia njiani kabla hawajafika ofisi ya tatu.

Mwaka jana, msimu wa palizi, alinijia mama mmoja ambaye ameniruhusu nieleze habari zake bila kutaja jina lake wala kijiji chake. Alikuwa ameishi na mwanamume kwa miaka kumi na moja. Hawakufunga ndoa kanisani, msikitini wala bomani, lakini sehemu ya mahari ilipelekwa kwao, watoto watatu walizaliwa, na kijiji kizima kiliwajua kuwa ni mke na mume. Walijenga nyumba ya vyumba vitatu kwa matofali ya kuchoma, na maji ya kufyatulia matofali hayo aliyasomba yeye kichwani kutoka mtoni. Baadaye mwanamume alihamia kwa mwanamke mwingine, akakaa huko miezi kadhaa bila kuleta hata debe la mahindi, na siku aliyorudi aliongozana na mtu aliyesema kwamba ameinunua nyumba. Mama alipokataa kutoka alipigwa mpaka akavunjika mkono.

Naomba msomaji amfuate mama huyu hatua kwa hatua. Zahanati walimpa dawa ya maumivu, wakamfunga kitambaa na kumwambia alete PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya aliyejeruhiwa, ndipo aandikiwe kwenda hospitali kupigwa picha. Kituo cha polisi kiko mbali, na alifika huko kesho yake. Alipewa fomu, lakini askari aliyemsikiliza alimshauri kwamba, kwa kuwa aliyempiga ni mumewe, ni vizuri kwanza wakasuluhishwe na wazee wa baraza. Wazee wa baraza wakamwuliza cheti cha ndoa. Alipojibu kwamba hana, wakamwambia huyo si mume wake kisheria, kwa hiyo hakuna ndoa ya kusuluhisha, na kwamba habari ya kupigwa ni ya polisi. Kuhusu nyumba, mtendaji wa kijiji alimwonyesha karatasi ya mauziano yenye muhuri na kumwelekeza kwenye masuala ya ardhi. Kuhusu chakula cha watoto alielekezwa kwa afisa ustawi wa jamii wilayani, safari ya shilingi 12,000 kwenda na kurudi, na alikwenda mara tatu: mara ya kwanza afisa alikuwa kwenye semina, mara ya pili alipewa barua ya wito ili ampelekee yeye mwenyewe mtu aliyemvunja mkono, na mara ya tatu mtu huyo hakutokea.

Tangu siku ya kupigwa hadi siku aliyofika kwangu zilikuwa zimepita wiki kumi na tatu. Katika wiki zote hizo hakuna aliyemwambia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema kuwa mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi katika mazingira yanayowafanya watambulike na jamii kuwa mke na mume, itachukuliwa kuwa wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini hata ikipingwa na ikaanguka, kifungu hicho hicho kinampa mwanamke haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto waliozaliwa katika maisha hayo. Swali la cheti, ambalo mtu anayeijua sheria angelijibu kwa dakika tano, lilikuwa limemfungia milango mitatu kwa mpigo. Maana akitambuliwa kuwa mke, kifungu cha 59 kinamzuia mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa yake, na karatasi ile yenye muhuri inakuwa na kasoro kubwa. Ikifikia hatua ya talaka, kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali waliyochuma kwa juhudi za pamoja, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za mke nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali hiyo. Kuhusu kipigo, kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na kumvunja mtu mkono ni jinai, awe ni mke, hawara au mpita njia.

Siwalaumu watumishi waliompokea. Karibu kila mmoja alisema jambo ambalo, kwa upande wa kazi yake, lilikuwa na maana. Mganga alifikiria fomu, mzee wa baraza alifikiria cheti, mtendaji alifikiria muhuri wake, na afisa ustawi ana kata nyingi na hana pikipiki. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nafasi ya kuliona jambo zima, na jambo lenyewe lilikuwa hivi kwamba huwezi kulijibu kwa upande mmoja bila kujua pande nyingine.

Wala msomaji asidhani kwamba hili ni la wanawake peke yao. Kuna mume na mke waliofikishwa mbele ya wazee kwa ugomvi wa kila usiku. Malalamiko ya mke yalikuwa kwamba mume amekuwa mlevi na haachi matumizi. Vikao vitatu vilifanyika, vyote juu ya pombe, na kila kikao kilimalizika kwa ahadi. Mimi niliitwa katika kikao cha nne kuandika muhtasari, nikamwuliza mume swali ambalo halikuwa kwenye malalamiko, kwamba kabla ya kuanza kunywa alikuwa anafanya kazi gani. Alikuwa mlinzi, akaachishwa kazi kwa mdomo asubuhi moja, bila barua na bila malipo ya likizo. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali linatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30, na kwa siku hiyo zilikuwa zimekwisha kupita zaidi ya 50. Ilibidi aanze kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku ya kuchelewa, jambo gumu kwa mtu asiye na wakili. Tulikuwa tumempa panado kwa wiki saba bila kumpima malaria.

Hali ni hiyo hiyo kwa mikopo ya kausha damu, ambayo huku kwetu imeingia hadi vitongojini. Mke anakopa kwa siri ili mtoto aende kidato cha kwanza na sare na godoro, riba inapanda, wakopeshaji wanakuja kuchukua televisheni na mbuzi, mume anagundua, na ugomvi unaofika kwetu unaitwa ugomvi wa ndoa. Asiyeijua Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka mkopeshaji awe na leseni, atawasihi wasameheane na kuwarudisha nyumbani na deni lile lile. Na katika mirathi, mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji humaliza miezi akitafuta muhtasari wa kikao cha ukoo ambao wenye ukoo ndio hao hao wanaomnyima, huku hajui kwamba mafao ya marehemu katika mfuko wa hifadhi ya jamii yana utaratibu wake, na kwamba watoto wana haki humo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tumefika hapa, na jibu nililolipata ni la kiutawala zaidi kuliko la kisheria. Msaada wa kisheria uko chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Ustawi wa jamii, tangu mabadiliko ya Januari 2022, uko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, lakini afisa mwenyewe ni mtumishi wa halmashauri. Dawati la Jinsia na Watoto ni la Jeshi la Polisi. Mahakama ni mhimili unaojitegemea. Mabaraza ya kata nayo yana mambo yake: wananchi wengi bado wanaamini kwamba yanahukumu kesi za ardhi, wakati tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha tu. Kila mmoja ana kitabu chake cha kuandikisha watu, na vitabu hivyo havikutani. Mama yule aliandikishwa katika vitabu vitano, na katika kila kimoja alieleza upya, tangu mwanzo, jinsi alivyopigwa.

Sheria zenyewe zimekwisha kuona kwamba mambo haya hayatenganishiki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo pamoja na mengine ilifuta ile sheria ya zamani iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi kama matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, inaiwezesha mahakama kumwagiza afisa ustawi wa jamii aende nyumbani, aangalie hali ya mtoto na kuandika taarifa kabla uamuzi haujatolewa. Maana yake hakimu hatarajiwi kuamua matunzo au malezi kwa kusoma karatasi peke yake. Sheria ya Ndoa nayo, katika kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa na baraza hilo lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndipo ombi la talaka lipokelewe. Hapa kosa dogo la ushauri lina gharama kubwa, na nitalieleza kidogo kwa sababu nimeona watu wengi wakiumia kwalo.

Kuna wanaokwenda mahakamani na barua tu ya mchungaji, shehe au mtendaji, badala ya hati inayotakiwa, shauri linaendelea, talaka inatolewa, mali inagawanywa, kisha kwenye rufaa yote yanafutwa kwa sababu hati haikuwa sahihi. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta mienendo ya mashauri kwa kasoro hiyo, na wahusika wakarudishwa mwanzo baada ya miaka. Upande wa pili wapo wanaozungushwa kutafuta hati ambayo hawaihitaji. Kifungu hicho hicho kimetaja hali ambazo hati hailazimiki, mojawapo ikiwa ni pale mwenzi anapomtelekeza mwenzake na asijulikane alipo. Nimempata mama aliyezungushwa na baraza kwa miezi minne akitakiwa amlete mume ambaye hana habari zake kwa miaka sita. Sheria ilikuwa imekwisha kumwonea huruma, ila hakuna aliyemfikishia habari hizo.

Nchi yetu si ngeni katika kuziweka huduma pamoja. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke, jijini Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 2021, kimetengwa kwa ajili ya mashauri ya familia, yaani ndoa, talaka, mirathi na watoto, na ndani ya jengo hilo moja zimo ngazi za mahakama kuanzia ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, pamoja na wadau wengine wanaohitajika. Ni hatua kubwa na ninaipongeza kwa dhati. Lakini anayefika pale tayari ana shauri, na yuko mjini. Vipo pia vituo vya mkono kwa mkono ndani ya baadhi ya hospitali, ambapo aliyefanyiwa ukatili hukutana na daktari, polisi, afisa ustawi na mshauri katika sehemu moja, kule Zanzibar na huku Bara. Navyo ni vizuri, ila vimekusudiwa kwa aliyekwisha kuumizwa, na viko katika hospitali chache. Aliyeuziwa nyumba, aliyeachishwa kazi, aliyeelemewa na deni, bibi anayelea wajukuu yatima bila cheti hata kimoja cha kuzaliwa, hao hawana mlango wao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko hapa kijijini kwetu. Mama anayempeleka mtoto kliniki hupimiwa mtoto uzito, mtoto akachanjwa, yeye akashauriwa uzazi wa mpango, na akitaka akapimwa virusi vya UKIMWI, asubuhi hiyo hiyo, mahali hapo hapo. Hakuna anayemwambia kwamba uzito ni Jumanne wilayani na chanjo ni Alhamisi kwenye kata jirani. Tumekubali kama taifa kwamba mwili wa mama na mtoto haugawanywi kwa ofisi. Sioni kwa nini maisha yao ya nyumbani yagawanywe.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba kila kituo cha afya cha kata kiwe na chumba kimoja na siku moja maalumu kila wiki kwa ajili ya ushauri wa kisheria wa familia na ustawi. Msaidizi wa kisheria awepo kila wiki. Afisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto wafike kwa zamu, walau mara mbili kwa mwezi, na mwanasheria wa halmashauri au wakili anayejitolea apatikane kwa simu siku hiyo, kwa saa zinazojulikana. Mwenye shida aeleze mara moja, maelezo yaandikwe mara moja na kusomewa kwake, na kuanzia hapo karatasi ndiyo itembee. Barua ya wito ipelekwe na mtendaji au askari, kamwe isipelekwe na aliyepigwa. Na yule anayempeleka mtu ofisi nyingine awe na wajibu wa kupiga simu huko kabla mtu hajapanda bodaboda, aulize kama mhusika yupo, na baada ya wiki mbili aulize jambo limefikia wapi.

Nimesema kituo cha afya, na sikusema ofisi ya kata, kwa sababu ninayoijua vizuri. Ofisi ya kata iko barabarani, mbele yake pana mwembe, na chini ya mwembe huo kuna watu kutwa nzima. Mwanamke akiingia mle na mtoto mgongoni, kabla hajatoka mume wake amekwisha kuambiwa. Mwanamke huyo huyo akienda kituo cha afya hakuna anayeuliza, maana kila mtu huenda huko, na hata mume mkali atamruhusu mkewe ampeleke mtoto kliniki. Wanaume nao, ambao wengi huona aibu kupeleka habari za nyumbani kwa mtendaji, hufika kituoni kupima presha au kuchukua dawa. Vilevile muuguzi ndiye mtu wa kwanza kuona alama za kipigo, utapiamlo wa watoto wanaokosa matunzo, na binti wa miaka kumi na mitano mwenye mimba. Akiwa na chumba cha pili cha kumpeleka mtu, katika jengo lile lile, atamshika mkono na kumfikisha. Akiwa hana, atampa dawa na kumwombea heri.

Ushauri wa namna hii unahitaji pia mazoea mapya ya kuuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa namsikiliza mtu juu ya kile alichokuja nacho tu, na nilimwacha mlinzi yule apotelewe na siku zake 30 kwa sababu sikuwepo katika vikao vya kwanza na waliokuwepo hawakuuliza. Siku hizi, kila anayekuja namwuliza anaishi na nani, nyumba na shamba viko kwa jina la nani, nani anafanya kazi na tangu lini hajalipwa, kuna deni gani, watoto wangapi wako shuleni na wana vyeti vya kuzaliwa, kuna mgonjwa, mzee au mwenye ulemavu ndani ya nyumba, kuna aliyefariki ambaye mirathi yake haijafunguliwa, na mwisho, tukiwa wawili tu, kama kuna mtu anayempiga au anayemtisha. Maswali haya huchukua nusu saa. Mara nyingi jibu la swali la tano ndilo linaloeleza kilichomleta.

Najua kuna hatari, na sipendi zifichwe. Ya kwanza ni kwamba kuwaweka watumishi pamoja kunaweza kugeuka kuwa njia ya kulazimisha suluhu kwa kila jambo, kwa kuwa sisi Watanzania tunaipenda suluhu. Suluhu ni njema kwa mambo ya matumizi na malezi pale ambapo wote wawili wanaweza kusema bila hofu. Haifai kwa kipigo, kwa ubakaji wala kwa mtoto aliyeharibiwa, na pale mezani mtu wa kusema hivyo lazima awepo na asikilizwe. Ya pili ni kwamba mtu mmoja hawezi kumshauri mke asubuhi na mume jioni juu ya shauri moja, kwa hiyo kila kata inahitaji wasaidizi wasiopungua wawili, na ingefaa mmoja awe mwanamke na mwingine mwanamume. Ya tatu ni siri. Daftari la shida za watu wa kijiji ni kitu cha hatari likianguka katika mikono isiyostahili, na lifungiwe kama zinavyofungiwa kumbukumbu za wagonjwa, na asiyelihitaji kwa kazi yake asilifungue.

Hapo lazima niseme juu ya hali ya wasaidizi wa kisheria wenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017 ilitutambua rasmi, ikaweka utaratibu wa usajili, na ikatupa kazi ya kuelimisha jamii, kuwaongoza watu kwenye vyombo vinavyohusika na kuwasaidia kupata nyaraka. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2018. Sheria inatukataza kudai malipo na kumwakilisha mtu mahakamani, nami nayaunga mkono makatazo hayo, kwani bila hayo tungegeuka vishoka. Lakini hakuna mtu anayeweza kufanya kazi ya kila wiki kwa miaka kwa kulima usiku. Wenzangu niliopata nao mafunzo wengi wamekwisha kuacha, na sababu yao kubwa ni nauli na vocha. Halmashauri ikitenga posho ndogo ya usafiri na simu kwa wasaidizi wawili wa kila kata, pamoja na mafuta ya pikipiki ya afisa ustawi kwa siku mbili za mwezi, chumba cha kituo cha afya tayari kipo na hakihitaji kujengwa. Ningewaomba madiwani walijadili jambo hili mapema, kabla rasimu za bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai hazijafungwa.

Nimewahi kuulizwa kama Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, haijalimaliza tatizo hili. Kampeni ile imefanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: mawakili, polisi, ustawi na maafisa ardhi chini ya turubai moja, kijijini, bila malipo, na watu wakapanga foleni tangu alfajiri. Foleni ile ndiyo ushahidi wangu mkubwa kwamba huduma ikiwa pamoja watu huja. Lakini baada ya siku chache turubai hukunjwa, na shauri la matunzo ya mtoto wa miaka miwili lina miaka kumi na sita mbele yake. Baba atalipa miezi mitatu na kuacha, atahama, atapata kazi nyingine, mtoto ataugua, na kila mara mama atahitaji mtu wa kumwuliza afanye nini. Ningeomba waratibu wa kampeni wanapoondoka katika kata waache chumba kilichofunguliwa, majina ya watu wawili yaliyobandikwa mlangoni na siku ya kuwakuta, na kwa habari za watoto ile namba 116 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ukutani, kwani ni bure na wengi huku hawaijui.

Jambo moja zaidi la haraka ni lugha. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini watu wetu bado wanapewa baadhi ya karatasi wasizoweza kuzisoma, na wanatia dole gumba. Meza ninayoiomba iwe na kila fomu ya matunzo, mirathi na ndoa kwa Kiswahili, pamoja na mtu wa kuisoma kwa sauti.

Mama niliyeanza naye alifungua shauri lake katika Mahakama ya Mwanzo kwa msaada wa majirani wanne waliokubali kutoa ushahidi kwamba walimjua kuwa mke wa yule mwanamume. Polisi walifungua upya jalada la shambulio baada ya askari wa dawati la jinsia kuingilia kati, na afisa ustawi alifika mwenyewe kijijini na kuwaona watoto. Hayo yote yalifanyika ndani ya wiki tatu tangu siku nilipowakutanisha wahusika kwa simu, jioni moja, nikiwa nimekaa naye kwenye benchi la kituo cha afya. Shauri litasikilizwa tena mwezi ujao. Mnunuzi amekwisha kuhamia katika vyumba viwili vya mbele, na mama na watoto wake wamo katika kile cha nyuma. Mkono wake uliungana vibaya kwa sababu ulichelewa kupigwa picha, na msimu huu hakuweza kushika jembe.

Msaidizi wa kisheria wa kujitolea,
Mkoa wa Morogoro.